Mwongozo kamili: kuhifadhi zana za bustani bila kulinyang'anya gari nafasi yake

Kila nikiitwa kusaidia kupanga vifaa vya bustani, nakuta mambo yaleyale. Misumari ya zege imepigiliwa ukutani, miwili imeshang'oka na kipande cha lipu. Jembe limeangukia ubavu wa gari. Toroli liko nje limejaa maji ya mvua. Mpira wa maji umerundikwa kona, umepasuka pale ulipokunjika. Na dumu la petroli, Mungu apishe mbali, limewekwa hatua moja tu kutoka kwenye mtungi wa gesi. Mwenye nyumba amekwisha kata tamaa, anaulizia bei ya matofali ili ajenge stoo nyingine.

Stoo ya pili nayo itajaa, kwa sababu tatizo lenyewe ni sakafu. Sakafu ya banda la gari ni ya vyenye magurudumu: gari, toroli na mashine ya kukata nyasi. Kila kingine kinapaswa kupanda ukutani, na hakipandi kabla hakijakauka. Ukishika hayo mawili, banda la mita 3 kwa 5 linatosha gari dogo pamoja na zana zote za bustani ya kawaida ya nyumbani. Vipimo nitakavyotumia ni vya banda la namna hiyo hapa Dar es Salaam, lenye kuta za tofali za saruji zilizopigwa lipu, na gari aina ya Toyota IST.

## Vitu vya kuandaa

Usianze kutoboa ukuta huku ukimtuma kijana dukani kila baada ya dakika kumi. Kusanya kwanza:

- Mbao 2 za inchi 1 kwa 4, kila moja mita 2, zilizotiwa dawa ya mchwa
- Ubao 1 wa inchi 1 kwa 8 kwa ajili ya rafu, pamoja na vyuma vyake vya kuushikilia
- Misumari ya inchi 4, kama 20
- Fisha za mm 8 (vile vibomba vya plastiki vinavyotangulia skrubu tunduni) na skrubu zake za inchi 3 na nusu
- Mashine ya kutobolea yenye mpigo wa nyundo, na biti ya zege ya mm 8; vya kuazima vinafaa
- Miwani ya kukinga macho
- Futi ya kupimia, pimamaji, chaki na kipande cha gundi ya karatasi
- Brashi ya waya, msasa, siki na matambara
- Oili mpya ya injini, lita 1
- Debe au ndoo ya lita 20 na mchanga mkavu wa mto
- Rimu ya chuma ya gari, ya inchi 13 au 14, hata iliyokwisha kutupwa
- Kipande cha mpira wa maji uliochakaa, kama mita 3
- Kisanduku chenye kufuli

Tenga siku mbili zenye jua na asubuhi ya siku ya tatu. Siku ya kwanza ni ya kusafisha na kukausha, ya pili ni ya kufunga ubao na kuujaribu usiku, ya tatu ni ya kutundika. Wanaojaribu kumaliza yote Jumapili moja mchana ndio wanaotundika majembe yenye unyevu.

## Hatua ya 1: Toa kila kitu nje

Kila kitu, hata yale makopo ya rangi yaliyobaki tangu nyumba ilipojengwa. Yatandaze uani uyaone kwa pamoja. Huwezi kupanga usichokiona, na mara nyingi mtu hugundua ana reki tatu, moja ikiwa na meno mawili tu.

Gawa mafungu manne: vinavyotumika kila wiki, vinavyotumika mara moja kwa mwezi, vinavyotumika masika na vuli tu, na ambavyo havijaguswa mwaka mzima. Fungu la nne ndilo linalokula nafasi yako. Gawa, uza kwa mnunuzi wa chuma chakavu, au mpe jirani mwenye shamba. Jembe lenye mpini uliooza si la kutupa. Mpini mpya ni kazi ya nusu saa.

Tahadhari: usiingize mkono mahali usipopaona. Nyuma ya mbao na magunia yaliyokaa muda mrefu kuna nge, na wakati mwingine nyoka. Vuta kwa reki kwanza, uvae viatu vilivyofunika mguu.

Umefanikiwa kama banda ni tupu, limefagiwa, na fungu la nne limeshaondoka getini. Likibaki uani "mpaka kesho", litarudi ndani.

## Hatua ya 2: Safisha, kausha, paka oili

Hapa ndipo watu wengi wanaporuka, na hapa ndipo zana zinapofia. Kutu inahitaji chuma, maji na hewa. Udongo ulioganda kwenye jembe unabeba maji hayo siku nzima baada ya wewe kudhani limekauka. Ukiishi karibu na bahari, upepo unaleta chumvi, na chumvi inaharakisha kutu. Ndiyo maana jembe linalodumu miaka mingi Iringa linachakaa upesi Mbweni au Bagamoyo.

Kwangua udongo kwa kijiti, kisha piga brashi ya waya. Kutu nyepesi ondoa kwa msasa. Kutu nzito, hasa kwenye mikasi ya kukatia ua, loweka sehemu ya chuma tu kwenye siki usiku mmoja, asubuhi sugua, suuza kwa maji safi na ufute palepale. Usiache siki ikaukie juu ya chuma; ni asidi, itaanza kutu upya.

Anika juani mpaka chuma kiwe cha moto mkononi. Halafu pitisha kitambaa chenye oili, tabaka jembamba tu. Oili ikichuruzika, umezidisha, na itashika vumbi.

Watu huniuliza kuhusu oili chafu iliyomwagwa kwenye gari. Siitumii. Imebeba chembe za metali na masizi ya injini, na jembe litazipeleka moja kwa moja kwenye mchicha wako. Lita moja ya oili mpya inatosha mwaka mzima na zaidi.

Sasa andaa debe la mchanga. Jaza mchanga mkavu robo tatu ya debe, mimina oili nusu lita, koroga. Kila ukirudi bustanini, chomeka jembe au chepe humo mara tatu nne: mchanga unasugua, oili inapaka. Kisha litoe ulitundike; usiliache limezama humo. Mchanga uwe wa mto. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na utakuwa unapaka zana zako kitu kilekile unachokikimbia.

Mipini ya mbao sugua kwa msasa mpaka vibanzi viishe, kisha paka mafuta ya linsidi kama unayapata kwa wauza vifaa vya useremala. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yana hatari ambayo wengi hawaijui: yakirundikwa pamoja hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka. Yatandaze moja moja nje yakauke, au yaloweke kwenye maji kabla ya kuyatupa.

Umefanikiwa kama ukipitisha karatasi nyeupe juu ya chuma inatoka na alama hafifu ya oili, bila wekundu.

## Hatua ya 3: Pima gari likiwa ndani

Kila mtu hupima banda likiwa tupu. Matokeo yake, rafu inafungwa vizuri kabisa, kisha mlango wa gari hauwezi kufunguka.

Egesha gari kama unavyoegesha kila siku. IST ina upana wa karibu mita 1.7. Kwenye banda la mita 3 unabaki na mita 1.3 kwa pande zote mbili. Dereva anahitaji kama sentimita 70 ili atoke bila kujibana. Kwa hiyo kushoto kunabaki sentimita 60, na huko hakuna kitu kitakachotokeza zaidi ya sentimita 30 kutoka ukutani.

Fungua milango yote, pamoja na wa nyuma. Chora kwa chaki ukutani na sakafuni pale kila mlango unapofika. Hayo ndiyo maeneo usiyoyagusa.

Halafu simama mbele ya gari. Boneti ni fupi kuliko paa la gari, na ukuta unaoikabili karibu kila mara uko wazi. Kuanzia mita 1.3 kwenda juu unaweza kuweka rafu pana au zana zinazotokeza, kama majembe na sururu, bila kugusa gari. Chini yake, mbele ya bampa, ndipo mashine ya kukata nyasi itakapolala. Ukuta huo una thamani kuliko kuta mbili za pembeni zikiwekwa pamoja, lakini mara nyingi nakuta umetundikwa kalenda.

Umefanikiwa kama unaweza kutembea kulizunguka gari milango ikiwa imefungwa, na chaki inakuonyesha waziwazi wapi pa kufunga na wapi pa kuacha.

## Hatua ya 4: Maliza ubao kabla ya kugusa ukuta

Misumari ya kutundikia inaingia kwenye ubao kutoka nyuma, ubao ukiwa bado chini. Ukishaufunga ukutani huwezi tena, na msumari uliopigiliwa kutoka mbele utagonga tofali na kupinda.

Laza ubao wa 1 kwa 4 sakafuni. Weka alama za jozi: misumari miwili, katikati sentimita 5, ili mpini upite na kichwa cha zana kikae juu. Kati ya jozi na jozi acha sentimita 20. Kwa reki acha 40, maana kichwa chake ni kipana. Toboa tundu dogo kwanza ili ubao usipasuke, kisha pigilia kutoka nyuma mpaka kichwa cha msumari kilale sawa na mbao.

Mbele kutatokeza ncha ndefu, na ncha hiyo itakuwa karibu na usawa wa macho. Ipinde juu kidogo kwa koleo, kisha ivishe kipande cha ule mpira chakavu. Usiiache wazi hata kama nyumbani hakuna mtoto.

## Hatua ya 5: Funga ubao ukutani

Msumari wa zege ukipigiliwa kwenye ukuta wa tofali unapasua lipu na kushika kidogo sana ndani. Lipu huwa na unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili. Ukining'iniza uzito hapo, unaining'iniza kwenye lipu. Fisha inapaswa kupita lipu na kukaa ndani ya tofali.

Kwa zana ndefu, chora mstari kwa pimamaji mita 1.7 kutoka sakafuni. Reki yenye mpini wa mita moja na nusu itaning'inia bila kugusa chini.

Kabla ya kutoboa, tazama soketi na swichi zilipo. Nyaya kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka hapo. Acha angalau sentimita 15 kila upande wa mstari huo. Fanya hivyohivyo kwa bomba la maji linaloingia ukutani.

Zungushia biti kipande cha gundi ya karatasi kwenye mm 70: lipu 20, fisha 40, na 10 za ziada kwa vumbi. Vaa miwani. Toboa kwenye ubao kwanza, uusimamishe ukutani, weka alama, kisha toboa ukuta mpaka gundi iguse. Puliza vumbi lote litoke. Sukuma fisha mpaka izame kupita lipu, kwa kutumia skrubu au msumari butu. Funga skrubu. Matundu yawe kila sentimita 40.

Kama biti inaingia bila upinzani na kinachotoka ni mchanga mtupu, tofali ni dhaifu. Usijilazimishe. Sogea sentimita 10 ujaribu tena, au jaza tundu kwa uji mzito wa saruji, weka fisha, na uache siku mbili kabla ya kufunga.

Jaribu kabla ya kuamini. Tundika ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ambayo ni kilo 20, katikati ya ubao, kisha pembeni, na iache usiku mmoja gari likiwa nje. Asubuhi kama ubao haujaachana na ukuta hata nafasi ya karatasi, umemaliza hatua ngumu kuliko zote.

### Kama wewe ni mpangaji

Mwenye nyumba hataki matundu. Tengeneza fremu inayosimama yenyewe: miimo miwili ya 2 kwa 4 yenye urefu wa mita 1.9, mbao mbili za kulala, na miguu ya kutokeza mbele sentimita 35. Iegemee ukuta, na kwenye miguu yake weka kitu kizito kama mfuko wa mchanga. Chini ya miguu weka vigae au matofali ili mbao isiguse sakafu, mchwa wasipate njia. Ukihama unaondoka nayo.

## Hatua ya 6: Tundika kwa mpangilio wa mkono wako

Zana ya kila wiki inakaa karibu na mlango, kwa urefu wa bega. Ya masika inakwenda ndani kabisa. Usipange kwa uzuri wa macho, kubwa kwa ndogo. Baada ya mwezi mmoja utakuwa umevuruga.

Majembe na sururu yaende ukuta wa mbele ya boneti, makali yakitazama ukuta. Chepe tundika kwa kishikio chake. Reki kichwa juu, meno ukutani. Fyekeo toboa tundu mwisho wa mpini, pitisha kamba.

Panga na mundu siviachi wazi. Pasua kipande cha mpira wa maji kwa urefu, vika makali, funga kwa kamba. Lakini chuma kiwe kikavu na kina oili, la sivyo ala hiyo itafuga unyevu.

Mwisho, chora kwa chaki au rangi umbo la kila zana mahali pake. Nimeona nyumba ambako kijana wa bustani hubadilika kila baada ya miezi michache, na ni mchoro huo tu unaofanya jembe lirudi lilikotoka.

## Hatua ya 7: Mpira wa maji, toroli na bomba la kupulizia

Mpira wa maji hauuawi na kazi. Unauawa na jua na msumari. Jua la hapa linaukausha plastiki yake mpaka inakatika, na ukiuning'iniza kwenye msumari mmoja, uzito wake wote unakaa kwenye kunjo moja. Funga rimu ya gari ukutani kwa bolti mbili za kutanuka kupitia matundu yake ya nati, kwenye kivuli, karibu na bomba la maji. Uchomoe mpira, tembea nao kutoka ncha moja huku ukiupitisha begani maji yatoke yote, kisha uzungushe kwenye rimu. Mpira wa nusu inchi wa mita 30 unaenea vizuri.

Toroli (wenzetu wa Kenya husema wilbaro) lisimamishe wima, mikono juu, tumbo likitazama ukuta. Hivyo linachukua nafasi ndogo kuliko likilala, na halikai na maji. Hili la maji nalisema kwa uzito. Mbu aina ya Aedes, wanaoeneza dengue na kuuma mchana, huzaliana kwenye maji kidogo tu yaliyotuama, na kwenye joto letu yai hufika kuwa mbu ndani ya siku 7 hadi 10. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019. Toroli, keni za kumwagilia, visahani vya vyungu, matairi: vyote vipinduliwe.

Bomba la kupulizia dawa lisuuze mara tatu, na kila mara pulizia maji safi mpaka yatoke kwenye nozeli. Maji hayo yarudishe kwenye eneo ulilopulizia, usiyamwage mtaroni. Achia upepo wote, litundike kichwa chini mfuniko ukiwa wazi. Ukiliacha na mabaki ya dawa, vipira vyake vya ndani vitavimba na nozeli itaziba.

## Hatua ya 8: Mashine ya kukata nyasi

Kati ya Juni na Septemba nyasi za Pwani hukua taratibu, na mashine hulala wiki nyingi. Ndicho kipindi zinapoharibika. Petroli iliyokaa ndani zaidi ya mwezi huanza kuchakaa, inaacha gundi kwenye kabureta, na mvua za vuli zikianza mtu anavuta kamba mpaka bega linauma.

Kama hutaitumia kwa siku 30 au zaidi, hamisha petroli iliyopo kwenye tenki, kisha washa mashine nje na uiache iungurume mpaka izime yenyewe. Hapo kabureta imekauka. Iache ipoe, isipungue nusu saa.

Chomoa waya wa plagi kabla mkono wako haujakaribia kisu. Hata mashine iliyozimwa inaweza kupiga mzunguko mmoja ukisukuma kisu, na mzunguko mmoja unatosha kukata vidole. Kisha ilaze upande, chujio la hewa likitazama juu. Ukiilaza vingine oili itaingia kwenye chujio. Kwangua nyasi zilizoganda chini ya bati. Nyasi mbichi zina maji, na bati hutoboka kuanzia hapo.

Kunja mikono, isukume mbele ya bampa, chini ya rafu. Usiisimamishe wima ili kuokoa nafasi, isipokuwa kitabu chake kinaruhusu. Funika kwa shuka kuukuu au gunia la katani. Nailoni na turubai vinafunga jasho ndani.

Mashine za betri zina sharti jingine: chomoa betri, iweke ndani ya nyumba ikiwa na chaji kama nusu. Chini ya bati la banda mchana wa Januari ni moto mno kwake.

## Hatua ya 9: Petroli, mbolea na dawa zisikae pamoja

Hapa sipendi njia ya mkato, hata nafasi iwe ndogo kiasi gani.

Petroli. Weka kidogo, isizidi lita 5, kwenye chombo kilichotengenezwa kwa mafuta ya magari. Dumu la mafuta ya kula na chupa ya maji si vyombo vyake. Usijaze pomoni, petroli hutanuka kwa joto. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni bila wewe kuuona mpaka ukute jiko, friji au swichi inayotoa cheche. Mahali pake ni kivulini, penye hewa, mbali na jikoni na mtungi wa gesi, na kamwe si ndani ya nyumba ya kulala. Kwa mashine za kufyekea za begani zinazochanganyiwa oili, fuata kipimo cha kitabu chake: 1 kwa 50 ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, 1 kwa 25 ni mililita 40. Changanya ya kazi ya wiki hiyo tu, andika tarehe juu ya chombo.

Mbolea. Urea na CAN hunyonya unyevu wa hewani na kuganda, na unyevu huo wenye chumvi hula chuma. Nimewahi kuweka nusu mfuko wa CAN chini ya mikasi yangu. Masika moja ilitosha kuifunga isifunguke tena. Weka mbolea kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, juu ya vipande vya mbao, upande wa pili kabisa na petroli. CAN ina nitrati, na nitrati haikai na vitu vinavyowaka.

Dawa za wadudu na magugu. Kisanduku chenye kufuli, juu, mahali ambapo mtoto hafiki na chakula hakipiti. Ndani yake za unga zikae juu na za maji chini, ili chupa ikivuja isiloweshe pakiti. Zibaki kwenye chupa zake zenye lebo. Lebo ndiyo daktari atakayoiomba kukiwa na ajali. Kwa Tanzania, viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na chupa isiyo na lebo huna njia ya kujua kilichomo. Mtoto wa miaka mitatu hasomi neno "sumu", lakini chupa ya soda anaijua vizuri. Usimimine dawa humo hata kwa siku moja.

Umefanikiwa kama ukisimama katikati ya banda unaweza kuonyesha vitu hivi vitatu kwa vidole katika pande tatu tofauti.

## Kama huna banda kabisa

Nyumba nyingi zina ujia mwembamba kati ya ukuta wa nyumba na uzio. Upenu wa paa ukitokeza sentimita 60, chini yake pana mahali pakavu kiasi. Funga ubao uleule wa hatua ya 5 kwenye ukuta wa nyumba, si wa uzio: uzio hauna paa, na jirani anaweza kuwa na mti unaodondosha maji juu yake.

Tundika zana za mpini tu. Kinga mvua ya pembeni kwa bati moja lililolazwa kama mlango, lenye bawaba juu, ambalo unalinyanyua unapochukua kitu. Pitisha mnyororo na kufuli kwenye vishikio, maana jembe lililo nje huhama usiku. Ujia uachwe na upana wa kupita mtu bila kugeuka ubavu. Moto ukitokea, huenda ndiyo njia yenu ya pili ya kutokea.

## Hatua ya 10: Jaribio la mwisho, na ukaguzi wa Februari

Ingiza gari usiku, taa za banda zikiwa zimezimwa, kama unavyorudi kazini umechoka. Shuka. Kama umegusa kitu chochote kwa bega au mlango, kihamishe kesho yake asubuhi. Kisha chukua reki kwa mkono mmoja. Ukilazimika kushika au kusogeza kingine ili uipate, mpangilio haujakaa sawa. Ongeza nafasi kati ya jozi au punguza zana kwenye ubao huo.

Mwishoni mwa Februari, kabla ya masika, rudia mambo manne. Kaza skrubu zote, kwa sababu mbao hunywea wakati wa joto. Tazama chini ya ubao na miguu ya fremu kama kuna vinjia vya udongo vya mchwa. Ongeza oili kwenye debe la mchanga. Na uiwashe mashine ya kukata nyasi kwa petroli mpya wakati mafundi bado hawana foleni.